Mwaka Kambale Alipata Muzigo

Wewe mwenye umekaa hapo, nikuulize kwanza: ukiingia inchi ya watu na kitu yako ya muzuri, utavaa juu kila mutu aone, ama utavaa chini, wewe peke yako ujue kama iko? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na mwaka muzima nguo yangu ilinicheka.

Naanza hivi sababu juzi tulienda Bwera kumuzika Mama Ithungu, mwenye nyumba yangu ya kwanza huku Uganda. Nilitoka hapa Kasese na mujukuu yangu Mbambu, huyu mwenye anaenda Kanada mwezi unaokuja, kazi ya kuangalia wazee. Njiani, tangu Muhokya mpaka tunashuka Bwera, simu yake haikunyamaza. Wenzake walitangulia kule, wako wanamupatia mashauri, na yeye anaweka sauti juu nami nisikie. Moja anasema, ukifika usionyeshe kitu, vaa koti moja, watu wakijua uko na kitu watakumaliza. Huyo huyo, kabla hajameza mate, anasema tena: lakini watu ya nyumbani usisahau, piga picha mbele ya gari ya mutu, tuma, wajue uliingia Kanada. Mimi nilicheka mpaka dereva akaniangalia. Mbambu akauliza, "Mukaka, nyanya yangu, unacheka nini?" Nikamwambia, "Nacheka nguo yangu. Hiyo mashauri nilivaa mwaka muzima, huko huko tunaenda." Basi tulipomaliza kuzika, tukala maharage na bundu, ugali ya muhogo, ya watu ya matanga, nikamushika mukono nikamupeleka nyuma ya nyumba. Ile mustari ya vyumba bado iko, mabati imekuwa nyekundu. Nikamuonyesha mulango ya tatu. Akaingiza kichwa, akakitoa. "Mukaka, mulikuwa munalala hapa na babu? Na kitanda iliingia wapi?" Nikamwambia kitanda iliingia, mimi na sanduku yangu ndiyo tulikosa mahali.

Sanduku hiyo ilikuja hivi. Kambale, bwana yangu, alitangulia Uganda kutafuta kazi, mimi nikabaki Butembo, bado bibi arusi, mafuta ya harusi haijakauka kwa ngozi. Siku moja dereva ya lori alisimama mbele yetu, hata injini hakuzima, akaita: "Kavira! Bwana yako anasema amepata muzigo Bwera! Anasema ukuje!" Akaenda. Sasa sikia. Huku Uganda, muzigo ni chumba. Chumba moja ya kupanga, katika mustari ya vyumba, choo kule nyuma, ya watu wote. Lakini kwetu Butembo muzigo ni muzigo! Ni mali, inafungwa na kamba juu ya lori, inafunikwa na turubai. Watu ya Butembo ni watu ya biashara, ukiwaambia mutu amepata muzigo ngambo ya mupaka, hawaulizi tena, wanaanza kukuangalia na macho ingine. Kabla ya jua kugeuka, mutaa yote ilijua. Wamama wanakuja: "Kavira, bwana amepata muzigo! Ni ya nini, ya kahawa?" Mimi nilijua nini? Nikasema, "Ni mukubwa." Basi wakasema bibi ya tajiri haendi inchi ya watu kama mukimbizi. Mama yangu akaleta sanduku ya bati ya buluu. Mama mudogo Kahindo, dada ya mama, akaleta bikwembe, ndiyo vitenge, ya wax, ile ya kweli, ingali na karatasi yake. Shangazi akaleta, majirani wakaleta. Kwetu mwanamuke akiba yake ni bikwembe. Haiozi, haili, siku ya shida unakunjua moja.

Nilivuka daraja ya Mpondwe nimevaa wax juu ya wax, ingine kwa kichwa, herini ya dhahabu kwa masikio, na sanduku juu ya kinga, baiskeli ya mutu. Nilikuwa natembea kama gavana. Kambale alikuwa ananingoja ngambo ya pili na shati moja imepasuka kwa bega. Akaangalia sanduku, akaangalia herini. "Kavira, tunaenda harusi ya nani?" Nikamuuliza, "Muzigo iko wapi?" Akanyoosha kidole, na furaha yote, masikini: "Ile kule, mulango ya tatu. Ina mpaka dirisha!"

Nilikaa juu ya sanduku nikalia, halafu nikacheka, halafu yeye akaelewa, akakaa karibu yangu, akacheka na yeye, lakini jicho yake haikucheka. Sababu kazi yake ilikuwa kubeba kahawa kwa stoo ya Mzee Baluku, na Mzee Baluku alikuwa mutu ya kushuku. Mama Ithungu ndiye alitufafanulia. Alikuja na kikombe ya chai, mujane mufupi, sauti ya chini kama mutu anaongea kanisani, akaona sanduku imefunguka, akaifunga na muguu. "Mwanangu, hii ficha. Hapa mugeni akivaa muzuri, sokoni wanamupandishia kila kitu, na wezi wanahesabu madirisha yake. Na bwana yako anabeba kahawa ya mutu. Mzee Baluku akiona bibi ya mubebaji amevaa wax, atauliza mara moja tu, halafu bwana yako iko nje. Na hiyo jina Kavira, ni ya ngambo. Huku musichana wa pili kuzaliwa anaitwa Biira. Wewe ni Biira." Hivi nikapoteza bikwembe na jina, chai ingali ya moto.

Lakini mulango iliyofuata yetu, ya ine, alikuwa Mama Opio, bibi ya polisi, mutu ya kaskazini, murefu, anaongea Kiswahili ya baraksi kama anaamuru gwaride. Huyo alisikia yote, sababu ukuta ya muzigo haifiki kwa mabati, maneno inaruka juu kama kuku. Mama Ithungu alipoondoka, Mama Opio akapiga ukuta na ngumi. "Wewe mupya! Usisikie ile! Vaa! Mimi kila kitu yangu navaa. Unajua kwa nini? Transfa! Leo Bwera, kesho wanatupa Karamoja. Nikificha, nitavaa lini? Kwa kaburi?" Na kweli, huyo mama alikuwa anaosha sufuria na viatu ya kisigino.

Mimi nilifanya nini? Nilitaka kusikiliza wote wawili. Sikuweza kuiacha ile wax kwa sanduku, nilikuwa musichana, ilikuwa inaniita. Nikaivaa chini. Juu yake nikafunga kikwembe moja nzee, imefuliwa mpaka maua yake ilisahau rangi. Hivyo kwa macho ya Bwera nilikuwa Biira masikini, lakini mimi mwenyewe nikitembea najua nimevaa nini. Na siku ya soko, watu ya Butembo wanapovuka, nilifanya kinyume. Wale hawapashwi kuona mimi ni masikini, sivyo? Walinipa sanduku sababu ya muzigo! Basi nikifika karibu na daraja, nyuma ya kibanda ya mama wa samaki, natoa ile nzee, naikunja, naiweka kwa kikapu, natoka nang'aa. Mama mudogo Kahindo ananikumbatia: "Eee, Kavira, umenenepa! Batu ya Butembo beko banauliza, muzigo inaendelea?" "Inaendelea, mama mudogo." "Nipeleke nione." "Iko mbali, mama mudogo. Ni stoo ya mbali." Ngambo hii ya kibanda masikini, ngambo ile tajiri. Mama wa samaki, ngege zake zinatoka Kasenyi, alikuwa ananiangalia tu, siku moja akaniambia, "Nyabo, mimi nauza samaki, lakini wewe ndiye unageuka kama samaki kwa mafuta."

Sasa kuna kitu sikuijua, nilikuwa mutoto. Wax mupya inapiga kelele. Rangi unaweza kuficha, sauti huwezi. Ukitembea inasema kwacha, kwacha, kwacha, kama karatasi. Kikwembe nzee haisemi kitu, imechoka. Na Mzee Baluku, kabla ya kahawa, alikuwa komersa, mufanyabiashara ya vitambaa. Nilikuwa nampelekea Kambale chakula ya muchana kila siku, sombe ya majani ya muhogo na bundu, napita mbele ya Mzee amekaa kwa kiti yake karibu na mizani, nainamisha kichwa kama masikini muzuri, na chini yangu kwacha, kwacha, kwacha. Mutu huyo alinisikiliza kwa wiki nyingi. Siku moja nikachutama kuweka sufuria chini, ile nzee ikapanda kidogo, na pindo ya wax ikachungulia, bluu ya kung'aa. Mzee aliiona. Aligeuka tu akaangalia magunia yake.

Jioni hiyo tulikuwa tunakula, mimi na Kambale, sahani moja juu ya sanduku, hiyo ilikuwa meza yetu. Mulango ya ine wao pia wanakula, tunasikia vijiko. Afande, bwana ya Mama Opio, anaongea polepole, na Mama Opio, Mungu amubariki pale aliko, anarudisha kila neno na sauti ya gwaride ili iruke ukuta. Afande anasema nyu-nyu-nyu. Mama Opio: "ETI MZEE BALUKU AMEKUJA KITUONI?" Nyu-nyu-nyu. "ETI MAGUNIA INAPUNGUA?" Nyu-nyu. "ETI BIBI YA KAMBALE ANAVAA KAHAWA YAKE? ANAVAA KAHAWA?" Afande: "Wewe, punguza sauti!" "NAPUNGUZA! ETI KESHO MUCHANA UNAKUJA KUANGALIA NDANI YA SANDUKU?"

Kambale akaweka bundu yake chini. Sijawahi kuona mutu anaweka tonge imekwisha chovywa. Akanong'ona, "Kavira, wakifungua hii nimekwisha. Nani ataamini? Mubebaji, mugeni, na sanduku ya wax! Watanitia ndani. Tuibebe sasa, giza ikiingia nairudisha Butembo." Nikaangalia ile sanduku. Ilikuwa mama yangu, mama yangu mudogo, mutaa yote ya kwetu, imekaa kimya chini ya sahani. Nikamwambia, "Tukiibeba kwa giza, hapo ndiyo tutakuwa tumeiba. Kula."

Asubuhi Kambale alienda kazini na uso kama mutu anaenda kujizika. Mimi nikaoga. Nikapaka mafuta. Nikavaa wax ya bluu na juu yake wax ya pili, nikafunga kilemba, nikatia herini. Ile nzee nikaitandika mbele ya mulango, nikapanguza muguu. Halafu nikavuta sanduku mpaka nje, na hapo nikaona siwezi peke yangu, ni nzito. Mama Ithungu alikuwa anafagia. Akatupa fagio, akanishika mukono. "Biira, unafanya nini? Wanakuja muchana, bado kuna wakati, nitaificha kwangu chini ya kitanda!" Alimaanisha, huyo mujane angejiingiza kwa shida sababu yangu. Nikamwambia, "Wasingya, asante, mama. Lakini naenda kumutangulia Afande." Mulango ya ine ikafunguka. Mama Opio akatoka amevaa kila kitu Mungu alimupatia: gauni ya harusi, kofia, visigino, shanga, na saa ya bwana yake. Afande nyuma yake anauliza, "Unaenda wapi na saa yangu?" Hakujibu. Akashika mukono moja ya sanduku, mimi nikashika ingine. "Inua! Mbele, tembea!"

Tulipita barabara kubwa ya Bwera na jua imewaka. Kwacha, kwacha, kwacha. Watu wa boda walizima pikipiki. Mama wa samaki akapiga vigelegele, hajui hata ya nini. Tukaingia kwa stoo, wamama wanaochagua kahawa wakaacha kuchagua, Kambale amesimama na gunia kwa mugongo, vumbi kwa kope, kinywa wazi, hata gunia akasahau kuiweka chini. Tukaweka sanduku mbele ya kiti ya Mzee Baluku. Afande akaingia anahema, kofia mukononi.

Nikasema, "Tajiri, nasikia navaa kahawa yako. Nimekuja uonje." Nikafungua.

Sasa nyinyi wa siku hizi mutanunua kitambaa na hamutauliza jina. Kwetu kila kikwembe ina jina, na ina mutu mwenye aliitoa, na ina siku. Nikatoa ya kwanza nikaitandaza juu ya gunia ya kahawa yake. "Hii inaitwa Macho ya Jirani. Alinipa mama mudogo Kahindo, siku nilitoka kwetu. Karatasi yake iko kwa kona, haijatoka." Ya pili. "Hii ni Bwana Amerudi. Mama yangu aliivaa siku moja tu, akasema siku zingine nitavaa mimi." Ya tatu. "Hii Kaa Hapa Nikwambie, ya majirani watatu, walichanga, na mpaka leo wanagombana nani alitoa nyingi." Wamama wa kahawa wakaanza kusogea. Mzee Baluku akashika pindo ya moja, akaisugua na kidole gumba, akaileta karibu na sikio. Kweli, kwa sikio! Akauliza, "Na hii ya kijani?" Nikamwambia, "Mvua ya Muchana. Ya shangazi. Mwizi angejua jina yake, tajiri?"

Mzee akaachilia pindo. Halafu akasema, "Jina yako Biira, sivyo?" Nikasema, "Kavira. Ni ya ngambo, kama bikwembe." Akasema, "Kavira, kwa nini ulikuwa unafunika kitu kama hii na kitambaa ya kupanguza meza?" Nikamwambia ukweli mbele ya watu: "Sababu yako. Waliniambia ukiona bibi ya mubebaji amevaa muzuri, utasema bwana ameiba." Mzee akakuna shingo. "Ningesema," akasema. "Ungekuja siku ya kwanza unang'aa hivi, ningeuliza, ungejibu, tungemaliza. Lakini mutu ananipita kila siku na uso ya masikini na chini anasema kwacha-kwacha! Nilikuwa silali!" Mama Opio akasema, "Afande, andika: muzee halali sababu ya matako ya Mukongomani!" Wee! Hiyo stoo ilipasuka. Hata Afande aligeukia ukuta, mabega inatetemeka. Magunia ile ilikuja kuonekana, ilipelekwa stoo ya Bugoye na mutu akasahau kusema, lakini mimi sikungoja hiyo. Mimi nilikuwa nimekwisha shinda na bikwembe.

Na kabla sijafunga sanduku, wamama wa kahawa wananishika. "Nyabo, hii Macho ya Jirani naipata wapi?" "Na mimi Bwana Amerudi!" Mzee mwenyewe akavuta ya kijani, akasema bibi yake ataipenda. Siku ya soko iliyofuata nilingoja Mama mudogo Kahindo kwa daraja, nimevaa vile vile nilivaa nyumbani, sikupita nyuma ya kibanda. Nikamwambia, "Leo kuja uone muzigo." Alipofika kwa mulango ya tatu akaingia, akakaa kwa kitanda, magoti yake inagusa ukuta. Akaangalia juu, akaangalia chini. "Kavira. Hii njo muzigo?" "Ndiyo, mama mudogo." "Hii yote?" "Hii yote." Alicheka mpaka kilemba ikaanguka, Mama Opio akacheka ngambo ya ukuta, hata Mama Ithungu akacheka na sauti, mara ya kwanza kuisikia. Halafu mama mudogo akapanguza macho akasema, "Basi tuijaze." Na tuliijaza! Soko baada ya soko alileta bikwembe, nikauza, mpaka mimi na Kambale tulikuwa tunalala kwa njia ndogo katikati ya vitambaa. Unaona? Yule dereva hakudanganya. Kambale alipata muzigo, ilikawia njiani tu. Duka yangu hapa Kasese, ile munaona na sanduku ya buluu mbele, ilitoka kwa mulango ya tatu. Na kwa ubao iliandikwa Kavira.

Hayo yote nilimwambia Mbambu tumekaa kwa kizingiti, viatu yetu na udongo ya kaburi ya Mama Ithungu. Sikumusema yule marehemu kwa ubaya, hapana. Alinificha sababu alinipenda, na alikuwa tayari kulala juu ya sanduku yangu. Lakini nilimwambia mutoto: mimi nilichoka mwaka ule sababu ya kubadilisha nguo nyuma ya kibanda ya samaki, masikini kwa hawa, tajiri kwa wale, na hapo katikati ndipo nilikuwa karibu kumutia bwana yangu ndani. Na wewe simu yako inakuambia ufanye hivyo hivyo, ila kibanda yako itakuwa ndege. Nikatoa kwa mufuko ile niliyomuletea: Macho ya Jirani, ya kwanza, ile ya mama mudogo. Hiyo sikuiuza kamwe. Imefuliwa sana, haisemi tena kwacha.

Mbambu akaifunga pale pale, juu ya suruali yake, juu kabisa. Akaangalia tena ndani ya kile chumba, akanigeukia. "Mukaka, nakuahidi. Siku nitafika, kabla sijala, nitakupigia simu ya video. Nitakuonyesha chumba yote, kona kwa kona, mpaka chini ya kitanda. Na kama ni muzigo, nitakuambia ni muzigo."